Je, Baba Amwachie Mtoto Ashinde?



Mwezi uliopita, baada ya ibada, akina mama walipokuwa wakigawa chai na mandazi ukumbini, mwanangu wa pili alimkuta mzee wetu mmoja ameketi peke yake mbele ya ubao wa drafti. Wengi wenu mnamfahamu mzee huyo wa Bukavu. Ubao wake huja nao kila Jumapili, kwenye mfuko mmoja na Biblia, na kete zake ni vizibo vya soda, nusu vimelala chali, nusu vimelala kifudifudi. Kijana wangu ana miaka 11. Akamwamkia, "Shikamoo, Babu," akaomba kucheza. Alikaa kwa kujiamini sana, kwa sababu nyumbani alikuwa amenifunga michezo tisa mfululizo.

Babu alimfunga mara nne kabla chai haijapoa. Hakumkejeli wala hakumhurumia. Alikula kete zake, akamwonyesha kwa kidole mahali alipokosea, akapanga upya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kikombe mkononi, nikiona jambo ambalo kijana alikuwa bado hajaliona, na nikitamani mama yake aite twende nyumbani.

Kwenye gari hakusema kitu. Tulikuwa tumeshaingia New Hampshire Avenue ndipo akauliza, "Baba, nyumbani ulikuwa unaniachia?"

Nikasema, "Mara moja moja."

"Ngapi katika zile tisa?"

Sikujibu. Akasema mwenyewe, "Zote." Halafu akageukia dirishani. Nilidhani yameishia hapo. Tulipofika kwenye taa za University Boulevard, akauliza tena, bila kunitazama: "Na uliposema Bibi anaendelea vizuri, je?"

Mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini Tanga kwa wiki ya tatu, upande wake mmoja wa mwili hauna nguvu. Watoto tulikuwa tumewaambia ana mafua.

Ndugu aliyesimamia ukurasa huu aliniomba niandike juu ya michezo ya mezani katika familia, nadhani alitegemea niseme kwamba inatuunganisha na inawatoa watoto kwenye simu. Ni kweli, inafanya hivyo. Lakini tangu siku ile mimi nina swali moja tu juu ya mchezo, nalo ni hili: mzazi anayejua kushinda, akishindwa kwa makusudi ili mtoto afurahi, amefanya wema au amesema uongo?

Nilikolelewa swali hili lisingeeleweka. Pale kwetu Tanga bao lilichezwa jioni chini ya mwembe, na sisi watoto nafasi yetu ilikuwa kusimama nyuma ya migongo ya watu wazima na kufunga midomo. Aliyenong'ona alifukuzwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo ndani ya nyumba, na 22 mkononi anazoziingiza moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha za mkononi, mchezo unabadilika, mnaingia mtaji, na hapo ndipo mtu mzima hutulia, akakuna ndevu, akahesabu kete zitakapoangukia mzunguko baada ya mzunguko kabla hajagusa hata moja. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliwafuata mafundi wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kazi nzima juu ya namna akili zao zinavyohesabu. Wazee wetu wangecheka kusikia kwamba Mzungu amepata shahada kwa kuwaangalia wakicheza.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwenye bao hakuna dadu, na hakuna karata iliyogeuzwa uso chini. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wote. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako mbele ya mashahidi. Baba yangu alinikalisha mbele ya bao nilipokuwa na miaka tisa hivi, na akanifunga kwa miaka. Sikumbuki hata siku moja aliyonipunguzia. Siku niliyomfunga mara ya kwanza nilikuwa kidato cha tatu, na hakusema hongera, alisema, "Panga tena." Mpaka leo nikiwa na mashaka juu ya uwezo wangu, na katika nchi hii mtu hupata mashaka hayo kila akifungua barua, narudi kwenye yale maneno mawili. Nilijua sikupewa.

Sasa kwa nini mimi, mtoto wa mtu yule, nikaanza kumwachia mwanangu?

Nitasema ukweli, ingawa unaniaibisha kidogo. Mimi naendesha abiria usiku, wengi kutoka uwanja wa Dulles na ule wa National. Mke wangu analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana. Tunakutana mlangoni kama askari wanaobadilishana lindo. Jioni niliyo nyumbani ni moja kwa wiki. Jioni hiyo nilitaka iwe tamu. Sikutaka mtoto akasirike, arushe kete, aende chumbani kwake na kufunga mlango, halafu kesho yake niondoke kazini nikiwa nimebeba uso ule. Kwa hiyo nilimpa ushindi. Nikimtazama akiruka ruka sebuleni nilijisikia baba mwema. Kumbe nilikuwa nalipa deni la kutokuwepo kwangu kwa pesa bandia, na mtoto alizipokea akaenda nazo sokoni, na soko lenyewe lilikuwa meza ya Babu.

Tena kuna jambo jingine ambalo wazazi wa kanisa hili hatulisemi kwa sauti. Watoto wetu wanatushinda kweli katika mambo mengi. Binti yangu wa miaka 15 ndiye anayesoma barua za shule na za bima, ndiye anayezungumza na mwenye nyumba bomba likipasuka. Nimewahi kusimama kwenye kaunta ya ofisi moja nikiwa kimya huku mtoto akinitafsiria, na karani akimwangalia yeye, si mimi. Katika hali hiyo mzazi anaweza kwenda njia mbili mbaya. Mmoja akikaa mbele ya ubao anataka kumponda mtoto ili heshima irudi. Nimemwona baba mmoja, sitamtaja, akimfunga mtoto wa miaka saba huku akimcheka mbele ya wageni. Mwingine ameshakata tamaa ya kushinda popote, basi anaachia na hapa. Mimi nilikuwa huyu wa pili, nikiita jambo hilo upendo.

Mke wangu hakubaliani nami, na kwa haki naomba niweke hoja yake hapa kama anavyoisema. Yeye anasema: mtoto mdogo akijifunza kutembea unamshika mkono, na hakuna anayesema umemdanganya kwamba anatembea. Unamwekea chakula laini kabla ya ugali. Anayefungwa kila siku haendelei kucheza, anaacha. Na akiacha, umempoteza, ukweli wako ubaki nao. Baba yako, anasema, alikuwa na mwembe, na majirani, na watoto wengine ishirini ambao ungeweza kwenda kuwafunga ukishafungwa naye. Huyu wetu ana nani kwenye fleti ya ghorofa ya tatu? Ana wewe tu, siku moja kwa wiki.

Hoja hiyo ina uzito, na kwa siku kadhaa nilikosa la kumjibu. Bado naona ana haki kuhusu upweke. Lakini kumshika mtoto mkono si sawa na kumwachia ashinde, kwa sababu mkono unaomshika mtoto anauona. Anajua ameshikwa. Ukimwachia, anajua ataanguka. Ushindi wa kupewa gizani humpa mtoto taarifa ya uongo juu ya miguu yake mwenyewe. Kinachonitia hatiani ni huko kuficha, kuliko msaada wenyewe.

Hapa nataka niseme neno juu ya dadu, maana najua wapo wazee wetu wasioipenda. Tulilelewa katika makanisa ambayo karata na dadu vilikuwa ni vitu vya baa. Askari walipiga kura vazi la Bwana chini ya msalaba, na mahubiri ya utoto wetu yaliishia hapo. Lakini sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba mitume nao walipiga kura, wakamwomba Mungu, na kura ikamwangukia Mathiya. Kura au dadu si tatizo. Kamari ni tatizo, na nalisema bila kupepesa, kwa kuwa naona inavyotumaliza. Kasino kubwa ya National Harbor imo ndani ya kaunti hii hii ya Prince George's tangu Desemba 2016, na tangu Novemba 2022 sheria ya Maryland inaruhusu kubeti kwa simu. Nimebeba abiria wa alfajiri kutoka kule. Hakuna mazungumzo garini. Na vijana wetu nyumbani, Nairobi na Dar es Salaam, wanaambiana matokeo ya ligi za Ulaya kama watu wanaosubiri mshahara.

Ludo ya watoto mezani ni kitu kingine. Tena, kwa swali langu, ina faida ambayo bao na drafti havina. Ludo ilitoka India, Waingereza wakaisajili kwao mwaka 1896, ikatufikia sisi pwani ya Afrika Mashariki. Nyoka na ngazi nayo ni ya India, na asili yake ilikuwa somo la maadili kabisa: ngazi zilikuwa matendo mema, nyoka walikuwa dhambi, na juu kabisa ndiko roho ilikokwenda kupumzika. Ninachokipenda ni kwamba dadu haimjui mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano na bibi yake wa miaka sabini wanakaa sawa. Hakuna haja ya mtu kumwachia mtu. Bibi akimezwa na nyoka kwenye mraba wa 98, amemezwa kweli, na kicheko cha mjukuu ni kicheko halali. Kwa familia yenye mtoto mdogo mimi ningesema anzeni na hiyo, siyo kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu hapo hakuna anayelazimika kudanganya. Drafti ije baadaye.

Na Monopoly? Huo ndio mchezo uliopo karibu kila nyumba ya kanisa hili, kwa sababu watu hutupatia masanduku yake kama zawadi za Krismasi, na ndio uliotuvuruga sisi kuliko yote. Kwanza kuna kichekesho chake. Sisi tunalipa kodi ya nyumba kila tarehe moja kwa jasho, halafu jioni ya mapumziko tunakaa mezani kujifanya wenye nyumba na kutozana kodi. Binti yangu ana kipaji cha jambo hili. Alikuwa amejenga hoteli upande mzima wa ubao, na mdogo wake kila akizunguka analipa, analipa, mpaka macho yakaanza kumlenga. Mimi ndiye niliyekuwa benki. Na benki, wapendwa, ilipitisha noti mbili za mia chini ya meza.

Binti aliona. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, hiyo ni wizi."

Nikamwambia, "Namsaidia mdogo wako."

"Kwa pesa za nani?"

Swali lile lilinikaa. Siku chache baadaye nikaanza kusoma historia ya mchezo wenyewe, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege nikisubiri abiria, na nikakuta kwamba umezaliwa jirani yetu. Mtu aliyeubuni hakuwa yule Charles Darrow ambaye jina lake lilitajwa kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke, Elizabeth Magie, mpigachapa wa maofisini aliyefanya kazi hapa Washington, na hati yake ya ubunifu, iliyotolewa tarehe 5 Januari 1904, inamtaja kuwa mkazi wa Brentwood, Maryland. Brentwood! Hapo Rhode Island Avenue, kabla hujafika Hyattsville. Baadhi yenu mnapita kila siku mkienda kazini.

Aliuita mchezo wa kabaila, mwenye ardhi. Alikuwa mfuasi wa mwanauchumi Henry George, aliyefundisha kwamba thamani ya ardhi huletwa na watu wote wanaoishi juu yake, na kwa hiyo kodi itozwe hapo. Mama yule alitaka watu waone kwa macho, mezani, namna mmoja anavyotajirika na wengine wanavyofilisika bila mtu yeyote kufanya kosa. Na mchezo wake ukaja kuwa na kanuni za aina mbili. Kwa kanuni moja mnacheza mpaka mmoja anamiliki kila kitu. Kwa kanuni nyingine, kodi ya ardhi inakwenda kwenye mfuko wa wote na kila mchezaji anainuka. Ubao ni ule ule, na kete ni zile zile. Watu waliuchukua mchezo, wakautengeneza kwa mikono, wakaupitisha nyumba kwa nyumba miaka na miaka, wakaweka majina ya mitaa ya Atlantic City. Ukamfikia Darrow. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliununua kwake, na hati ya mama Magie ikainunua kwa dola 500. Zile kanuni za kushirikishana hazikuenea. Duniani kote kilichoenea ni ile ya mmoja kumaliza wote.

Sikusimulia haya ili kuwafanya muuchukie mchezo. Sisi bado tunaucheza. Nimesimulia kwa sababu ya kile mama Magie alichokielewa na mimi sikukielewa nilipokuwa napitisha noti chini ya meza. Yeye alipotaka huruma iwepo, aliiandika kwenye kanuni, mahali ambapo kila aliyeketi anaisoma kabla ya kuanza. Anayepoteza anajua amepoteza kwa nini, anayesaidiwa anajua amesaidiwa na nani, na anayeshinda hakuibiwa. Mimi huruma yangu niliipitisha gizani, na matokeo yake niliwakosea wote wawili. Binti nilimwibia ushindi wake, na kijana nilimwibia hali yake halisi. Laiti ningesema kabla ya kuanza, "Leo kila anayefilisika benki inampa mia mbili, mnakubali?" pesa zingekuwa zile zile na pasingekuwa na wizi.

Wachezaji wa Go, ule mchezo wa China na Japani wa mawe meusi na meupe, wana desturi hii tangu zamani. Aliye dhaifu anaanza na mawe kadhaa tayari ubaoni, mawili, manne, hata tisa, kulingana na tofauti ya uwezo. Halafu mkubwa anacheza kwa nguvu zake zote. Hakuna aibu, na kila mwezi unaweza kuona unavyokua: nilikuwa napewa tisa, sasa napewa saba. Drafti yetu nayo inakubali jambo hilo bila shida. Jioni iliyofuata nilikaa na kijana nikamwambia naanza nikiwa na kete tatu pungufu, na kwamba nitacheza kwa nguvu zote, na siku atakaponifunga mara mbili mfululizo tutarudisha moja.

Akanitazama kwa muda. Akauliza, "Na utaniambia ukweli?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia na habari za Bibi, zote, hata ile ya kwamba hazungumzi vizuri. Alilia. Mama yake alikasirika nami, akasema mtoto wa miaka 11 hapaswi kubeba hilo, na kwamba nimechanganya mambo ya drafti na mambo ya uhai. Huenda. Lakini si mimi niliyeyachanganya, ni yeye kijana, kwenye gari, na nadhani aliona sawa. Kwake yeye baba ni mmoja. Akigundua kwamba neno "umenifunga" kinywani mwangu halina maana, hana sababu ya kudhani neno "usiwe na wasiwasi" lina maana.

Binti, tulipompa kete za kuanzia, alikataa. Alisema hataki huruma, afungwe tu. Amefungwa mara nyingi sana sasa, na anafurahi kwa namna yake ya kununa. Kwa hiyo hata kanuni hii si ya kila mtoto, na sitaki mtu aende nyumbani akaifanye amri.

Limebaki jambo moja ambalo sijalitatua, na mke wangu ndiye aliyeniwekea mbele yangu, kama kawaida yake, nikiwa nimeshavaa viatu vya kwenda kazini. Aliniuliza: "Na mama yako akiwa mzima, ukimpigia, anakuuliza umekula, unalala vizuri, kazi inakwendaje. Unamwambia nini?" Wote mnajua ninachomwambia. Ninamwambia nimekula, nalala, kazi nzuri, tunamshukuru Mungu. Miaka kumi na minne namwambia hivyo. Mwaka ule tulioishi miezi miwili kwa jamaa kwa sababu ya deni nilimwambia hivyo pia. Je, yule namwachia ashinde? Nilijaribu kusema mzee ni tofauti, kwamba mzee hajengi uwezo wake juu ya maneno yangu kama mtoto anavyojenga. Mke wangu akasema, "Amejenga usingizi wake." Nikaondoka na jibu hilo barabarani usiku kucha. Nadhani mama anajua. Nadhani mama amejua muda wote, naye ndiye anayeniachia mimi. Kama wawili wanajua, na wote wawili wamekubali kimya kimya, labda ni kanuni iliyoandikwa mahali fulani ambapo sisi wawili tu tunaisoma. Lakini mtu mwenye hatia hupata haraka sababu nzuri, kwa hiyo siisemi kwa uhakika.

Wazee wa hapa Washington nao wana drafti yao, kama hamjui. Wazee Weusi wenyeji wa jiji hili hucheza aina inayoitwa pool checkers, na kwa miaka mingi chama chao, Capital Pool Checkers Association, kilikuwa na chumba chake mtaa wa Shaw. Kingi yao inapita ubao mzima kama kingi yetu, tofauti na ile ya madukani ambayo kingi yake inachechemea hatua moja moja. Nimemwahidi kijana kwamba siku akinifunga bila kete za nyongeza nitampeleka akatazame wazee hao wakicheza, kama tutawapata, na atafunga mdomo wake kama mimi nilivyoufunga chini ya mwembe.

Bado hajanifunga. Alikuwa anaanza na kete tatu za ziada, sasa ni mbili. Jumamosi iliyopita, siku yangu ya nyumbani, tulicheza mpaka saa nne usiku na mchezo wa mwisho ukaisha sare. Kingi yangu moja, kingi yake moja, hakuna wa kumkamata mwenzake. Ilikuwa sare ya kweli. Nilitafuta njia na sikuiona.

Akauliza, "Umeniachia?"

Nikasema, "Hapana."

Aliendelea kunitazama, muda mrefu kuliko nilivyopenda, jinsi karani wa uhamiaji anavyotazama karatasi ambayo muhuri wake haujakolea. Halafu akaanza kupanga vizibo upya.